Kabla Hamjalehemu Bodi ya Satelaiti ya Chuo, Ombeni Masafa

Satelaiti ya aina ya 1U ni boksi la sentimita 10 kwa 10, urefu sentimita 11.35. Mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Lakini ikishaachiwa angani inakuwa jukumu la taifa zima. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 inasema serikali ndiyo inayowajibika kwa kila kinachofanywa huko na watu wake, kiwe cha jeshi, cha kampuni au cha wanafunzi wa mwaka wa tatu, na kwamba ni lazima ikiidhinishe na kuendelea kukisimamia. Kwa hiyo karatasi zianze siku ile ile mnapoanza kuchora bodi. Timu nyingi hufanya kinyume, na boksi lililokamilika hukaa kabatini likisubiri barua.

Kwa chuo kisicho na pesa ya kununua nafasi kwenye roketi, mlango wa kugonga kwanza ni KiboCUBE. Unaendeshwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu, iliyoko Vienna, pamoja na JAXA, shirika la anga la Japani. Ulifunguliwa 2015, na aliyeingia wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Nairobi: satelaiti yake, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka moduli ya Kibo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018. Guatemala ilifuata 2020, Mauritius 2021. RWASAT-1 ya Rwanda (2019) na PearlAfricaSat-1 ya Uganda (2022) nazo ziliachiwa kutoka kituo hicho hicho, zikiwa zimejengwa kwa ushirikiano na vyuo vya Japani.

Mnachopewa na KiboCUBE ni safari ya roketi na kuachiwa angani bila malipo. Pesa ya kujenga, kupima, kusafirisha na nauli za mikutano ni yenu, na hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka. Tafuteni pia mshirika aliyewahi kurusha. Nairobi walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na uhusiano huo una mizizi mirefu: Waitaliano na Wakenya wamefanya kazi ya anga pamoja pwani ya Malindi tangu miaka ya 1960, na Uhuru, satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la pwani hiyo tarehe 12 Desemba 1970. Mshirika wa namna hiyo huwaonyesha makosa yenu mapema, yakiwa bado kwenye karatasi.

Na chagueni kazi moja. Paneli za 1U huleta wati 2 hivi kwa wastani. Kamera, redio ya kupokea data za mashambani na jaribio la sola mpya kwa pamoja haviwezi kushiba humo.

Masafa

Satelaiti hupita juu ya nchi nyingi kila siku. Redio yenu ikiingilia masafa ya mwingine, hakuna wa kuifuata huko juu na bisibisi. Ndiyo sababu nchi zote zimekubaliana kugawana mawimbi kupitia Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lenye makao Geneva. Chuo hakiwezi kuwaandikia ITU moja kwa moja. Anayeandika ni mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenu.

Vyuo vingi hutumia masafa ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda na kujifunza, hasa megahezi 435 hadi 438. Masharti yake si ya kuchezea: hakuna biashara, na data zinazoshuka zisifichwe kwa msimbo wa siri. Ni amri zinazopanda kwenda kwenye satelaiti tu ndizo zinazoruhusiwa kufichwa. Mnahitaji mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, kisha mnapeleka maombi kwa Muungano wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa, IARU, ambao huwatafutia nafasi isiyogongana na wengine. Barua yao ikishafika, watu hushangilia na kusahau kuwa si leseni. Mamlaka ya nchi bado inapaswa kupeleka taarifa ya awali ITU. Ikishachapishwa, nchi nyingine zina miezi minne ya kutoa maoni, kisha ndipo hatua ya mwisho ya kuwasilisha masafa rasmi. Jumlisheni siku za barua kukaa kwenye meza za ofisi, mtaona kwa nini tunasema muanze miaka miwili kabla.

Mhandisi wa mamlaka huenda hajawahi kushughulikia satelaiti. Msimpelekee vipeperushi vyenye picha za roketi. Mpelekeeni ukurasa mmoja: masafa ya kati, upana wa mawimbi, nguvu ya redio kwa wati, aina ya antena na uwezo wake, kimo, mwinamo wa obiti, yaani njia ya kuzunguka dunia (kwa Kituo cha Kimataifa ni takriban kilomita 400 na nyuzi 51.6), na mahali kilipo kituo chenu cha ardhini. Tarakimu hizo zilingane kwenye kila fomu. Ukiandika wati 1 kwa IARU na wati 2 kwa mamlaka, faili litarudi, na mzunguko unaanza upya. Redio ikibadilika katikati ya safari, waambieni wote siku hiyo hiyo.

Kanuni za ITU zinadai pia kwamba satelaiti iweze kunyamazishwa mara moja kwa amri kutoka ardhini. Amri hiyo iandikwe na kujaribiwa kabla ya programu nyingine yoyote.

Kinachokaguliwa kabla ya kupanda

Boksi lenu litakaa ndani ya chumba wanamoishi wanaanga, kwa hiyo wakaguzi wa JAXA hawabembelezeki. Uzito usizidi kilo 1.33. Umeme wa betri uzuiwe na swichi tatu zinazojitegemea, zinazobaki zimebanwa muda wote satelaiti iko kwenye kasha lake. Na baada ya kuachiwa, hakuna antena kufunguka wala redio kurusha hadi dakika 30 zipite.

Dakika hizo 30 zimeua satelaiti ambazo vinginevyo zilikuwa nzima. Kompyuta huanza kuhesabu, chaji inashuka satelaiti ikiwa upande wa dunia wenye giza, kompyuta inajizima na kuwaka, hesabu inarudi sifuri, na mchezo unajirudia bila mwisho. Hifadhini hesabu kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme unapokatika, mkiandika kila dakika moja. Ni mistari michache tu ya programu.

Antena nazo. Nyingi hukatwa kutoka kwenye futi ya chuma ya fundi, zikakunjwa kuzunguka boksi na kufungwa kwa uzi wa nailoni kama mshipi wa kuvulia samaki. Waya mwembamba au rezista hupata moto, uzi unayeyuka, antena inajifyatua. Mezani hufanya kazi kila mara. Angani kuna baridi, betri iko chini, uzi ulishalegea kwa mtetemo wa roketi na haugusi tena sehemu ya moto. Wekeni saketi mbili za kuchomea, programu ijaribu tena na tena kila obiti, na mjaribu kwenye ombwe (pasipo hewa), kwa baridi, betri ikiwa kwenye volti ya chini kabisa mnayoitegemea. Mkifaulu kwenye joto la chumba tu, bado hamjajaribu.

Betri ndizo zinazoandikiwa karatasi nyingi zaidi. Nunueni seli za lithiamu nyingi kuliko mnazohitaji, zote za kundi moja la kiwanda. Kila seli ipewe namba, ipimwe volti, uzito na uwezo, itikiswe, iingizwe kwenye ombwe, kisha ipimwe tena. Iliyobadilika inaondolewa. Ombeni kwa muuzaji ripoti ya UN 38.3, majaribio ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa betri safarini, kabla ya kulipa. Bila hiyo mzigo hautapokelewa na ndege, na seli zinazosafirishwa peke yake lazima ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30.

Jambo jingine ambalo watu hulijua wakiwa wameshachelewa ni kipokezi cha GPS. Vile vya kawaida vimefungwa visifanye kazi vikipita kasi ya mita 515 kwa sekunde au kimo cha kilomita 18, ili visitumike kwenye makombora. Satelaiti yenu itakwenda kilomita 7.7 kwa sekunde. Aina iliyofunguliwa ipo, lakini nchi inakotengenezwa huweza kudai kibali na hati ya kueleza nani ataitumia na kwa kazi gani. Ombeni mapema au mfanye bila GPS.

Kituo cha ardhini

Mkiwa karibu na ikweta, satelaiti ya kimo hicho hupita kwenu mara nne au tano kwa siku, nyingine ikikwaruza tu upeo wa macho. Pito zuri halizidi dakika 10. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, hiyo ni kilobaiti 720 kwa hesabu ya karatasi, na nusu yake ndiyo ya kutegemea. Panga ukubwa wa picha zako kwa tarakimu hiyo. Redio iweze pia kufuata mabadiliko ya masafa, kwani kwenye megahezi 437 mawimbi husogea hadi kilohezi 10 hivi juu na chini chombo kinapokuja na kuondoka. Jiungeni na SatNOGS, mtandao wa vituo vya kujitolea. Siku za mwanzo, ambapo ni vigumu kujua kitone kipi ni chenu kati ya vilivyoachiwa pamoja, sikio la mtu wa mbali ndilo linalookoa kazi.

Kuandikishwa, na kuanguka

Mkataba wa Uandikishaji wa 1975 unadai serikali iweke daftari lake na impelekee Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mambo machache: nchi iliyorusha, namba ya chombo, tarehe na mahali, vipimo vya obiti, na kazi yake. Hapa nchi zinazohusika ni zaidi ya moja, yaani aliyerusha, aliyeagiza na mwenye eneo, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi nani ataandikisha.

Watu huona hili ni urasimu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani kwenye kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Mwananchi anayeangukiwa na kitu kama hicho analindwa na Mkataba wa Dhima wa 1972: nchi iliyorusha hulipa madhara ya ardhini hata kama hakuna uzembe, mradi serikali ya aliyeumia idai ndani ya mwaka mmoja. Lakini dai linahitaji mwenye kitu ajulikane, na daftari ndipo pa kuanzia kumtafuta. Wanakijiji nao wajue hili: msiguse, kwani mabaki ya mafuta ya roketi yanaweza kuwa sumu kali. Pigeni picha namba zozote zinazoonekana, na mwiteni polisi.

1U kutoka kilomita 400 haifiki ardhini, huungua yote. 1KUNS-PF ilikaa miaka miwili hivi kwa sababu jua lilikuwa tulivu. Jua likichangamka, hewa ya juu huvimba na satelaiti hushuka upesi zaidi. Mkipewa nafasi ya kilomita 600 au zaidi, hesabu ni nyingine. Mwongozo wa siku nyingi ni kuondoka kwenye obiti ndani ya miaka 25 baada ya kazi kuisha, na Marekani sasa inadai mitano kwa vyombo inavyovipa leseni. Kimo kirefu kisichowaongezea kitu kwenye kazi yenu, kikataeni. Februari 2009 satelaiti mbili, Iridium 33 na Cosmos 2251, ziligongana karibu kilomita 790 juu, na vipande vyake bado vinawasumbua wengine.

Satelaiti ikishaungua, barua mbili zimebaki: moja ya kuijulisha ofisi ile ya Umoja wa Mataifa ya Vienna kwamba chombo hakipo tena kwenye obiti, nyingine kwa mamlaka ya mawasiliano ili masafa yafutwe ITU na timu inayofuata iyakute wazi.