Homa na maumivu ya viungo wakati kipimo cha malaria hakionyeshi kitu

Ndugu uliyeuliza kutoka Kisauni, umesema mama yako yuko siku ya tatu na homa kali, vifundo vya mikono na miguu vimemvimba, amepimwa malaria mara mbili bila kuonekana vimelea, na bado muuza dawa anakushikilia umnunulie dozi ya malaria. Mimi si daktari, lakini mapema mwaka 2018 niliugua vivyo hivyo hapa Mombasa, na nilikosea mambo ambayo nisingependa mama akosewe.

Kwangu yalianza alfajiri. Usiku nililala mzima. Nilipoamka kutawadha vidole vilishindwa kufungua mfereji, na niliposimama kusali sikuweza kusujudu, kwa kuwa magoti na vifundo vya miguu vilikuwa vimekaza kabisa. Homa ilipanda siku hiyohiyo, na siku ya tatu vipele vikatokea kifuani na mikononi. Nilimeza dawa ya malaria bila kupimwa, kisha nikachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, katika duka la dawa la mtaani, nikapata nafuu ya saa chache. Daktari aliyenipokea baadaye aliona kuwa ni chikungunya, lakini aliposikia habari ya sindano ile alinikemea, na sababu yake ndiyo ninayotaka uielewe.

Chikungunya ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu aina ya Aedes. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwani ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, ambako wagonjwa walitembea wameinama kwa maumivu. Dalili hutokea kwa kawaida kati ya siku 3 na 7 baada ya kuumwa na mbu. Tatizo ni kwamba mbu huyohuyo hueneza pia dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, na magonjwa yote mawili yamewahi kuzuka katika mji wetu. Chikungunya hukamata zaidi viungo, hasa vile vidogo vya mikono na miguu, mara nyingi pande zote mbili. Dengi huuma zaidi kichwani, nyuma ya macho na katika misuli. Hata hivyo, kwa macho matupu hakuna anayeweza kuyatenganisha kwa uhakika, na dengi hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu, kwa hiyo mpaka dengi iondolewe shaka, mpe mama parasetamoli kwa kipimo sahihi tu, pamoja na vinywaji vya kutosha.

Usidanganyike homa ikishuka. Katika dengi, huo ndio wakati ambao hatari huanza: tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, choo kikiwa cheusi au akilegea kupita kiasi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu vipimo, mtajie daktari siku homa ilipoanza. Kingamwili za chikungunya, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, huchukua siku kadhaa kujitokeza katika damu, hivyo kipimo chake kikifanywa mapema mno huweza kutoka safi na ugonjwa upo. Kwa dengi kipo kipimo kinachotafuta protini ya kirusi chenyewe, nacho hufaa siku za mwanzo. Homa ikiendelea, malaria nayo ipimwe tena. Dawa ya kuua virusi vya chikungunya haipo; hutulizwa maumivu tu.

Tazama pia maji ya nyumbani. Mbu huyu huuma mchana, hivyo neti ya usiku pekee haitoshi, naye hutaga katika maji safi yaliyotuama, nasi huku mifereji hutoa maji kwa zamu na kila nyumba ina madramu na mitungi. Lamu ilikumbwa na mlipuko mkubwa mwaka 2004 wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani, na ugonjwa ukafika Mombasa kabla ya mwaka kwisha. Mimi nilikuta viluwiluwi vya mbu katika dramu la nyuma ya jiko. Kumwaga maji hakutoshi, kwa sababu mayai hunata ukutani mwa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi kila wiki, kisha ufunike vizuri.

Homa yangu iliisha ndani ya wiki moja. Viungo vilichelewa: niliweza tena kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi mwezi wa nne, na kifundo cha mkono wa kulia kiliendelea kukaza kila asubuhi hadi mwezi wa saba. Mama akichelewa kupona namna hiyo, arudi kliniki akaangaliwe viungo, asiongezewe dozi nyingine ya malaria isiyotokana na kipimo.