Wastani wa x² si mwanzo na mwisho gawa kwa mbili! Mimi ulinila 22,500

Weka kalamu chini kwanza. Hiyo 18 uliyoipata kuwa wastani wa x² kutoka 0 hadi 6, kwa kujumlisha 0 na 36 ukagawa kwa mbili, ndiyo hesabu ile ile iliyonila shilingi 22,500 hapa Mombasa.

Nilileta mifuko 900 ya mchele kabla ya Ramadhani, nikaiweka godauni ya watu. Mapatano yalikuwa shilingi 5 kwa mfuko kwa siku, kwa wastani wa mifuko iliyolala humo siku 30. Karani akavuta kikokotoo, akabonyeza 900, akajumlisha 0, gawa mbili, 450. Mara 5, mara 30, 67,500. Nikatia sahihi huku nikinywa kahawa yake.

Na kwa nini nisitie? Mwalimu wangu wa tuisheni alituimbisha: "Mwanzo na mwisho, gawa kwa mbili, basi!" Na pesa yake alikuwa anataka kabla hajafungua daftari. Hakutwambia hata siku moja kwamba hilo ni la mstari ulionyooka. Mtu yule angekuwa nahodha wa feri, ungepanda Likoni ushukie Pemba.

Sasa mchele wa Ramadhani hauondoki kwa mstari ulionyooka. Mwanzo wenye maduka wa Majengo na Kongowea wanagombania, halafu biashara inalegea, mwisho unambembeleza mtu achukue mifuko mitatu kwa deni. Daftari langu lilionyesha siku ya 10 imebaki kama 400, siku ya 15 kama 225, siku ya 20 kama mia. Mpwa wangu wa chuo alitupa jicho tu: "Mjomba, hii si (30 − t)², t ikiwa ni siku?" Ndiyo hiyo. Katikati ya mwezi godauni ina mifuko 225, na mimi nalipia 450! Mifuko 450 na zaidi ilikuwemo siku nane za mwanzo na kidogo. Zilizobaki nililipia kodi ya panya.

Integrali, yaani eneo lililo chini ya mkunjo, ya (30 − t)² kutoka 0 hadi 30 ni 27,000 (30 mara 30 mara 30) gawa kwa 3, yaani 9,000. Hiyo si mifuko, ni mifuko mara siku, usije ukaitoa kama jibu. Gawa kwa siku 30 upate 300. Mara 5, mara 30, ni 45,000. Kutoa unajua mwenyewe, mimi nikitoa kichwa kinauma.

Kwa hivyo: ENEO KWANZA, HALAFU GAWA KWA UPANA. Lako ni 216 (6 mara 6 mara 6) gawa kwa 3, eneo 72. Upana ni 6. Wastani ni 12. Chukua kila kilicho chini ya mkunjo, kisawazishe kama mchanga ndani ya mstatili wenye upana ule ule. Kimo chake ndicho unachotafuta. Na upana ni b − a, yaani mwisho kutoa mwanzo, si b peke yake. Ukiambiwa kutoka 2 hadi 6, unagawa kwa 4.

Karani nilimrudia, nisikufiche. Akanionyesha sahihi yangu, akaniuliza kama nataka kahawa nyingine.

Uliuliza pia habari ya ile nukta c, pale mkunjo unapofikia kimo cha wastani, na kikokotoo kipi ununue. Hilo la c nitarudi nikishaswali. La kikokotoo usiniulize mimi, tangu siku ile nikikiona mezani kwa mtu nashika mfuko wangu.

Fanya hiyo ya 2 hadi 6 uiweke hapa usiku huu. Ukiniletea 20 nalia.