Plagi ya pasi inapopata moto

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: plagi ya pasi yako inapata moto hadi plastiki inanuka, nawe umeambiwa tu kwamba ubadilishe plagi. Ukilipeleka neno hilo kwenye duka la vipuri vya pikipiki utapewa ya kuwashia injini, kwa hiyo nenda duka la vifaa vya umeme, uombe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Zima swichi, chomoa ya zamani, kisha unapofunga mpya kaza sana skrubu, kwa sababu waya uliolegea huzalisha joto. Kwangu ndicho kilichokuwa chanzo. Iwapo soketi nayo imeungua, usiitumie tena, bali mwite fundi umeme mwenye leseni.