Kulitafuta jina la ukoo la Washington: usianzie kwa rais

Nchini Marekani, Washington ni jina la watu weusi kwa kiwango kisichofikiwa na majina mengi. Sensa ya 2000 ilihesabu watu wapatao 163,000 wanaoitwa hivyo, na asilimia 90 yao walikuwa Wamarekani Weusi. Wengi wanaochimbua ukoo huu hukimbilia Mount Vernon, shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na huko ndiko wanakopotea. Jina peke yake halithibitishi kwamba babu zako walimilikiwa na rais. Wapo waliojichagulia wenyewe: Booker T. Washington, mwelimishaji mashuhuri aliyezaliwa utumwani Virginia, alijipa jina hilo alipoandikishwa shule.

Anza na jamaa walio karibu, kisha rudi nyuma sensa moja baada ya nyingine. Ya 1950 ndiyo ya karibuni iliyo wazi, maana majina hufungiwa miaka 72. Ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921, hivyo pengo hilo lizibe kwa kumbukumbu za ndoa, kodi na ardhi. Sensa ya 1880 hutaja uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1870 haitaji. Mtoto unayemwona humo huenda ni mpwa au yatima, usimwandike kuwa wa kuzaa.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wote walioachwa huru. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la mmiliki, halafu umri, jinsia na rangi tu. Bila kumjua mmiliki, orodha hizo hazikufikishi popote. Mtafute kwenye daftari za Freedman's Savings Bank, benki ya akiba ya walioachwa huru, 1865 hadi 1874: baadhi hutaja bwana wa zamani, na nyingi hutaja wazazi na ndugu wa mweka akiba. Ni hazina kubwa mno, wala usiipite. Kwenye sensa, nakili pia majirani wa kurasa mbili kabla na mbili baada, kwani ndugu wa damu waliweza kuchukua majina tofauti.

Unapotafuta kwa msimbo wa Soundex, unaopanga majina kwa jinsi yanavyosikika badala ya tahajia, Washington ni W252. Karani akidondosha g, akaandika Washinton, msimbo unakuwa W253 na ukurasa hautatokea. Jaribu yote miwili.