Kwa nini Tom na Jerry haichuji

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini nasema Tom na Jerry ni katuni isiyochuja, na umeniwekea sharti kabisa nisikujibu "ya kale ni dhahabu". Wala sikukusudia. Ya kale mengi ni takataka tu, nayo nimeyatazama.

Ushahidi umo ndani ya katuni yenyewe. William Hanna na Joseph Barbera waliianza mwaka 1940 kwenye studio ya MGM, Marekani. Hadi 1958 zikawa zimetoka filamu fupi 114, na saba kati yake zilipata Oscar. Kisha MGM ikamwajiri mtengenezaji mwingine wa katuni, Gene Deitch, akatengeneza nyingine 13 huko Prague, Ulaya, mwaka 1961 na 1962. Paka Tom yuleyule, panya Jerry yuleyule, jina lilelile. Lakini hebu zitazame: mwendo unakwamakwama, kipigo kinafika kabla hujakingoja au kimeshachelewa, sauti zina mwangwi wa ajabu. Na zenyewe ni za zamani vilevile! Kwa hiyo umri si hoja, wala jina.

Sasa tafuta The Cat Concerto, iliyopata Oscar mwaka 1947. Tom anaingia jukwaani na suti yake, kavimba kama bwana harusi, anaketi kupiga piano, wimbo Hungarian Rhapsody No. 2 wa mtunzi Liszt. Jerry kalala ndani ya piano, juu ya vile vinyundo vinavyogonga nyuzi, na muziki ndio unaomwamsha. Ugomvi unaanza, lakini Tom hawezi kuacha kupiga, watu wanamtazama. Kuna mahali Jerry anang'oa vibonyezo viwili vitatu na kutega mtego wa panya palepale. Vidole vya Tom vinapita kushoto kwa mtego, kulia, kushoto tena, kulia tena. Wewe kwenye kochi umeshakunja vidole vyako mwenyewe. Ndipo mtego unafyatuka.

Halafu angalia hivyo vidole. Wachoraji walivipeleka kwenye vibonyezo vinavyoendana na noti unazozisikia. Nani angewakagua? Watu walikwenda sinema kuangalia filamu kubwa, katuni ilikuwa kionjo tu. Wangeweza kulipua kazi na bado wakalipwa. Ninachokiita kutochuja kinaanzia hapo: fundi kuweka kazi zaidi ya ile anayodaiwa. Mara ya kwanza unacheka tu; mara ya kumi ndipo unaanza kuviona vidole, na muziki wa Scott Bradley, mtunzi wa muziki wa katuni hizi, unaopanda ngazi pamoja na Jerry.

Maneno nayo ni machache mno, kwa hiyo mtoto wa Pemba hangoji kutafsiriwa. Ule ukelele wa Tom akiumia ni wa Hanna mwenyewe.

Doa lipo, sikufichi. Yule mama mweusi mtumishi wa nyumba, ambaye mara nyingi tunaona miguu yake tu, alichorwa kwa dharau ya Wamarekani weupe wa wakati ule. Baadaye, kwa ajili ya televisheni, baadhi ya filamu zile zilibadilishwa. Mimi ningemwacha mtoto aione, nikiwa nimekaa kando yake kumweleza.

Wikendi hii muwekee mjukuu wangu moja ya Hanna na Barbera na moja ya Prague. Usimwambie ipi ni ipi. Halafu unipigie.

Baba yako