Umempa Mungu pesa ya ada, sasa unamdai upendo

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeolewa mwaka wa tisa huu, tuna watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita niliokoka nikajiunga na huduma moja hapa Dar es Salaam. Nafunga, nakesha kila Ijumaa, Jumatano nipo na kina mama waombaji, na kila siku saa kumi na moja alfajiri nipo kwenye maombi. Januari nilitoa malimbuko, mshahara wote, nikaongeza sadaka ya mbegu kutoka kwenye akiba tuliyoiweka kwa ajili ya ada. Mpaka leo cheo sijapanda, kiwanja sijapata, na mume wangu hajaokoka. Yeye ni fundi gereji, anasali Kilutheri ibada ya kwanza, akirudi analala. Hata watoto akiwapikia uji asubuhi anawapikia kwa kununa. Tangu Januari haongei nami vizuri. Naona Mungu hanipendi kama ninavyompenda. Je, niachane na mwanamume huyu nimtumikie Mungu bila kikwazo? Mtumishi ameniambia niliombee jambo hilo.*
*Niliyechoka, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuita usiku kucha ukaona kimya ni uchungu mkubwa, na sitaudharau uchungu wako. Ila pole yangu inaishia hapo, maana yapo mengine katika barua yako yanayonitia uchungu zaidi.

Nimeisoma barua nikimtafuta huyo mume kikwazo. Sikumwona. Niliyemwona ni mwanamume anayeamka mke akiwa maombini, anawasha jiko, anakoroga uji, anawanywesha watoto ndipo aende gereji kushinda chini ya magari. Hilo umeliandika kama kosa lake. Mimi nimelisoma nikajua nani anawalea watoto wenu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Halafu Januari. Umeipitia haraka, kama mtu anayevuka barabara. Pesa ya ada ilikuwa ya watu wawili, na imetoka kwa uamuzi wa mtu mmoja. Hujaniambia kwamba alijua. Nadhani hakujua, alikuja kugundua mwenyewe, na ndiyo sababu haongei nawe vizuri. Mwanangu, mumeo hapigani na wokovu wako. Ameibiwa, na aliyemwibia analala naye kitanda kimoja.

Usidhani Bwana Yesu hakuliona jambo hili mapema. Katika Marko sura ya 7 aliwakemea watu waliokuwa na mali ya kuwatunzia baba na mama zao, wakaiita Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kisha wakawaacha wazazi mikono mitupu. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ada ya watoto wako umeifanya Korbani.

Sasa tuje kwenye hilo unaloliita upendo. Unasema unampenda Mungu kuliko anavyokupenda. Lakini ulipotaja ushahidi umetaja cheo na kiwanja. Unamwendea Mungu kama mtu wa upatu anayemfuata kijumbe: nimechanga mwezi huu na ule, zamu yangu lini? Upatu ni kitu kizuri, umewasomeshea watoto kina mama wengi. Ila mtu hampendi kijumbe. Akishapokea fungu lake anaweza asimkumbuke tena. Hebu jiulize, ukikipata kiwanja kesho, ile saa kumi na moja alfajiri utaendelea kuamka?

Nenda kasome kitabu cha Hosea, sura tatu za mwanzo tu. Nabii ameoa mwanamke asiyetulia, Gomeri, na Mungu anaitumia ndoa hiyo kuonyesha alivyotendewa na Israeli. Mwanamke amekwenda kwa wanaume wengine, akiamini kwamba wao ndio wanaompa mkate, sufu na mafuta. Kumbe nafaka, divai na mafuta vilitoka kwa mume aliyemwacha. Sura ya tatu Hosea anaambiwa aende akampende tena, naye anatoa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri ili kumrudisha. Tazama nani analipa. Aliyekosewa ndiye anayeingiza mkono mfukoni. Hakuna mahali mwanamke anaambiwa atafute fedha ya kuununua upendo wa mumewe. Na Paulo akiwaandikia Warumi anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tungali wenye dhambi, kabla hatujafunga hata siku moja. Upande wa Mungu umeshatimia, mwanangu. Wewe unalipia kitu ulichopewa, kisha unalalamika kwamba hujakipata.

Haina maana kwamba upande wetu haudaiwi kitu. Tunadaiwa, tena sana. Lakini angalia deni lenyewe linavyolipwa. Petro alimkana Bwana mara tatu, na baadaye pale ufukweni mwa bahari ya Tiberia akaulizwa mara tatu kama anampenda. Kila alipojibu ndiyo, hakuambiwa akeshe wala atoe mbegu. Aliambiwa alishe kondoo. Ajabu ni kwamba huyo mumeo unayemsema hajaokoka ndiye anayelisha kila asubuhi.

Haya ni matatizo ya ndoa nyingi siku hizi, na sitanyamaza. Mke anamwambia baba wa kiroho mambo ambayo mume hajayasikia. Mume naye ana kikundi chake cha maombi kwenye simu, anatuma baraka kwa watu mia, mke yuko chumbani na homa hajaulizwa amekunywa dawa gani. Watu wanaweka nadhiri madhabahuni wakati ile nadhiri ya kwanza waliyoiapa mbele ya Mungu huyo huyo, siku ya ndoa, imeota vumbi. Wazee wa Uamsho, ule wa Kikristo uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenea Uganda ukafika mpaka kwetu Tanganyika, walijulikana kwa kutubu hadharani na kurudisha walichoiba. Mtu aliyeokoka alikwenda kwa mkewe, kwa jirani, kwa mwajiri, akasema nilikukosea, na kitu chako hiki hapa. Ndivyo watu walivyojua kwamba kweli amekutana na Yesu.

Swali la kumwacha mumeo Paulo alishalijibu katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7. Mke mwenye mume asiyeamini, ikiwa mume anakubali kukaa naye, asimwache. Hapo ni asiyeamini kabisa! Wako anaamka Jumapili kwenda ibada ya kwanza. Kusali Kilutheri bila kupaza sauti si kutookoka, na wewe si mpimaji wa moyo wake. Sura hiyo hiyo inasema wanandoa wakitaka faragha ya kusali wapatane kwanza, tena kwa muda tu. Je, mkesha wa kila Ijumaa mlipatana lini? Mtumishi aliyekuambia uliombee jambo lililokwisha kuandikwa amekupotosha, nami namwambia hivyo hivyo popote alipo.

Ijumaa hii baki nyumbani. Watoto wakilala, mwambie mumeo ulichofanya Januari na ni kiasi gani, bila kutaja maono wala kumlaumu kwa imani yake. Omba msamaha, kisha nyamaza umsikilize hata akifoka. Malimbuko yalikuwa mshahara wako, hayo nakuachia wewe na dhamiri yako. Ile ya akiba uirudishe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, kabla ya sadaka yoyote nyingine isipokuwa ile mtakayokubaliana wote wawili. Jumatatu nenda shuleni ukaombe kulipa kwa awamu. Nenda wewe, usimtume yeye. Na kuanzia asubuhi hiyo, uji upike wewe.