Usiipime Kemikali Ikiwa Mpya Tu

Kazi yangu ni kukagua viambato vya losheni, sabuni na manukato kabla havijamfikia mtumiaji, ili tujue mapema kipi kinaweza kuleta mzio wa ngozi. Kwa anayeanza kazi hii nina ushauri mmoja mkubwa: ukishajua kemikali ni nini, uliza itageuka kuwa nini.

Mzio huanza pale molekuli ndogo, kwa kawaida chini ya daltoni 500 (kipimo cha uzito wa molekuli), inapopenya ngozi na kunasa kwenye protini zake. Kinga ya mwili huikariri. Mara ya kwanza mtu haoni kitu. Akija kuigusa tena, siku moja au mbili baadaye ngozi inawasha na kuvimba.

Ndiyo maana tunaanza na kipimo cha peptidi, yaani vipande vifupi vya protini. Kemikali inachanganywa na peptidi yenye sisteini, na kando na yenye laisini (zote ni asidi amino, matofali ya protini), inaachwa saa 24, halafu tunapima peptidi iliyobaki huru, isiyonaswa na kemikali. Wastani wa upungufu ukizidi asilimia 6.38, tunaishuku.

Sasa chukua limonini, ile ya harufu ya maganda ya machungwa. Ikiwa safi, haina makali ya kutisha. Ikipigwa na hewa, hujengeka haidroperoksidi, kemikali zitokanazo na oksijeni kuingia kwenye limonini, na hizo ndizo zinazoumiza watu. Mimi hudai sampuli mbili: mpya, na iliyokaa wazi kwa muda. Wenye bidhaa hawapendi gharama hiyo, lakini kwa hili silegezi.

Alkoholi ya sinamiki, kiambato cha manukato, ni ngumu zaidi, kwa sababu vimeng'enya vya ngozi yenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sinamaldehidi, kemikali ya harufu ya mdalasini inayoleta mzio. Kipimo cha peptidi hakina vimeng'enya, hivyo kinaweza kuipitisha kana kwamba ni salama.

Mwongozo namba 497 wa mwaka 2021 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, unaruhusu kuamua bila kupima kwa wanyama: kuna kipimo cha peptidi na viwili vya seli, na viwili kati ya hivyo vitatu vikikubaliana inatosha. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Ila kemikali ipendayo mafuta kupindukia ikionekana salama kwenye seli, usishangilie. Huenda haikuyeyuka vya kutosha kuzifikia.

Na ukishapata jibu, usisahau kiasi. Kiambato kilekile kwenye shampuu ya kusuuzwa na kwenye losheni inayoshinda mwilini kutwa kihesabiwe upya, kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi.